Jina Moja, Mara Tatu

Newala asubuhi, ukungu hauombi ruhusa.
Unaingia ofisini kabla ya karani,
unakaa juu ya mafaili, karatasi zinalegea
kama chapati za jana.
Nawasha kompyuta. Naingoja. Inaningoja.

Mfaume Chinguile, maji kwa boza.
M. S. Chingwile, maji, hana namba ya mlipakodi.
Cinguile Maji Safi, sanduku la posta halipo.
Wazabuni watatu kwenye mfumo,
na boza moja la buluu, bovu,
linalokohoa kilima kizima kutoka bondeni.

Aliyekikalia kiti hiki kabla yangu
alisajili kwa sikio,
na sikio lake lilizaliwa Bukoba.
Ndiyo maana mwezi Machi ankara moja,
lita elfu kumi, tulizilipa mara mbili.
Mfaume akarudi na bahasha ya kaki:
"Binti, hii si yangu.
Yangu nimeshaila."

Siku ile nikaanza kusafisha.
Leta kitambulisho, leta leseni,
leta barua ya benki yenye muhuri unaosomeka.
"Jina kamili, mzee?"
"La nyumbani au la cheti?"
"La benki."
Akacheka mpaka akakohoa kama boza lake:
"Basi benki ndiyo iliyonizaa."

Watatu wakawa mmoja.
Malipo ndani ya siku thelathini. Kodi ya zuio.
Namba ya simu niliisoma kwa sauti, nikaipiga,
ikaita mfukoni mwake, mbele yangu.
Nikajaza kisanduku cha mwisho.
Hali: hai.

Msimu wa korosho ukaingia, magunia mpaka kwenye ngazi,
na barua moja, karatasi nzuri kupita kiasi.
Tafadhali badilisheni akaunti yetu.
Benki mpya. Tawi la mbali. Ni haraka.
Jina limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi,
na hilo ndilo lililonishtua:
saini ya Mfaume ninayoijua
ni mjusi aliyekatika mkia.
Chini, namba ya kuthibitishia.

Bwana Nanjota, mhasibu, hakuinua macho:
"Badilisha tu, Esha. Wiki ya malipo hii."

Sikuipiga namba ile.
Habari za mgeni hazitoki kwa mgeni.
Nilipiga ya zamani, ile ya mfukoni.

Ikapokea sauti ya mwanamke.
"Mimi Somoe, mkewe.
Arobaini tumeisoma Ijumaa."
Ukungu ulikuwa umeshaondoka dirishani
na bado sikuona kitu.
"Barua?" akauliza. "Ya Mfaume?
Mwanangu, huyo hakuandika barua hata alipokuwa anaposa."

Bwana Nanjota aliichukua ile karatasi
akaipeleka polisi mwenyewe, kwa miguu,
bila kuniambia neno.

Mfumo hauna neno marehemu.
Una hai, una amesitishwa, una futa.
Kufuta sifuti:
ankara za miaka sita zitabaki hazina mwenyewe,
kama viatu mlangoni mwa msikiti
watu wameshatawanyika.
Nikachagua amesitishwa.
Mfumo ukadai sababu, usizidi herufi thelathini.
Nikaandika: Amefariki. Tunadaiwa.
Maana ankara mbili bado, na haziendi popote
mpaka Somoe aje na hati ya mirathi,
nimfungulie ukurasa wake, kwa jina lake,
akiniangalia ninavyoandika.

Saa saba, honi nje.
Boza la buluu. Usukani ameushika kijana,
mabega ya baba, kofia ya mpira.
Anashusha maji kabla sijamsajili,
anaruka matope, ananiletea ankara yake ya kwanza,
wino bado mbichi.

Nasoma.
Ameandika Chingwile.
"Kaa kitini," namwambia. "Kitambulisho unacho?"